Binti amepata chuo cha picha za dijiti, tununue kamera gani?

Kutoka: Mama Pacha

Habari za wikiendi ndugu zangu. Binti yangu kapata nafasi chuo kikuu, shahada ya upigaji picha na taswira za dijiti, anaanza muhula ujao. Baba yake bado amenuna, alitaka famasia. Mimi nimeshakubali, ila kaniletea orodha ya vifaa inayotia homa: kamera mpya, lenzi tatu, kompyuta, taa. Hivi vyote lazima kabla hata hajaingia darasani? Mliopitia huko nisaidieni.

Kutoka: Mzee wa Zamu ya Usiku

Hongera Mama Pacha. Msinunue kitu kabla hamjaiona stoo ya chuo. Mwanangu alibeba mzigo mzima na nusu yake ikalala kabatini miaka mitatu, maana vifaa vya kuazima pale vilikuwa bora kuliko vyake. Ulizeni tu kuhusu bima ya vitu vya kuazima. Lenzi ikianguka, mtalia nyote.

Kutoka: Jicho la Tatu

Shikamoo mama, na hongera kwa mdogo wangu. Shahada kama hiyo nimeimaliza, kwa hiyo niseme kidogo (sitaweza kusema kidogo).

Kamera kuukuu inatosha, mradi aweze kuiongoza kwa mkono na itoe faili ghafi (RAW, data ya kamera kabla haijabanwa). Kamera ya pikseli milioni 24 inatoa picha ya 6000 kwa 4000. Ukiichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata karatasi ya inchi 20 kwa 13. Mwaka wa kwanza hakuna mwalimu atakayetaka zaidi. Lenzi moja ya milimita 35 au 50, basi.

Pesa iende kwenye skrini nzuri pamoja na kile kidude cha kuisawazisha rangi. Mimi nilihariri muhula mzima kwenye kompyuta niliyoiwasha mwanga hadi mwisho. Kwenye skrini picha zilipendeza, zikachapwa zikatoka kama zimepigwa usiku. Na diski za nje ziwe mbili, moja isikae chumbani kwake.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, haijui inaangalia nini. Inachukulia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe mwingi, inaubana, na uso wa mtu unazama. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hasa. Rafiki yangu alitoka meno na macho tu. Nikajaribu kuunyanyua uso kwenye kompyuta, lakini nilikuwa nimepiga JPEG, faili ya kawaida iliyobanwa, yenye ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, na kwenye giza zilikuwa zimebaki ngazi chache mno, picha ikajaa madoa na michirizi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, ingenisitiri.

Mwalimu hakunigombeza. Alinipa mita ya mkononi akaniambia nipime mwanga unaomwangukia mtu, niache kupima unaorudi kutoka kwake. Nikamrudia rafiki yangu, nikaweka taa pana laini ubavuni, maana ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Picha ile ndiyo ya kwanza kwenye jalada langu la kazi mpaka leo.

Na si kosa la wanafunzi peke yao. Enzi za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley. Akisikia darasani "rangi sahihi ya ngozi", binti aulize: ngozi ya nani?

Kutoka: Harusi Kila Jumamosi

Samahani kwa kuwa mkali, lakini miaka mitatu chuoni kwa kazi ninayoifanya mimi bila cheti? Mtandaoni kuna kila kitu.

Kutoka: Dada wa Hifadhi

Kaka, kwa harusi sibishani nawe. Mimi napiga picha hati za kale kwenye hifadhi ya nyaraka, na bila shahada nisingeitwa hata kwenye usaili. Kila picha yangu inakuwa na kadi ya rangi pembeni ili atakayeifungua baadaye aweze kuhakiki. Hati iliyofifia wino tunaipiga kwa mwanga wa urujuanimno au infraredi, na maneno yasiyoonekana kwa macho wakati mwingine yanarudi. Wapo pia wenzangu waliokwenda kufanya kazi hospitali na maabara za polisi. Mama Pacha, mtazame kama anaweza hesabu kidogo. Kwenye kamera nyingi kila pikseli hupokea rangi moja tu, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak aliupatia hataza mwaka 1976, nusu yake kijani. Rangi mbili zilizobaki zinakokotolewa. Huko ndiko wengi wa darasa letu walikokwama.

Halafu viza, kama chuo kiko nje ya nchi! Kupiga picha sherehe za watu kwa malipo ni kujiajiri, na Uingereza, kwa mfano, haimruhusu mwenye viza ya mwanafunzi kujiajiri hata kwa saa moja. Asome masharti ya nchi aliyopo kabla hajachukua malipo ya mtu, hata ya shangazi.

Kutoka: Mama Pacha

Mwanangu Jicho la Tatu, marahaba. Nimekata orodha: kamera kuukuu, lenzi moja, skrini, diski mbili. Binti kanuna kidogo kwa ajili ya zile taa. Baba yake amesoma mazungumzo haya yote kimya, halafu kaniuliza hizo maabara za polisi zinaajiri kwa masharti gani. Dada wa Hifadhi, nakuandikia pembeni.