Kisa chapati moja, nimefungiwa zipu ya begi langu mbele ya watu huku Alps. Povu ruksa

Mbagala_hadi_Munich:

Wakuu, nipo kwenye treni narudi Munich, naandika huku vidole vinatetemeka na wala sio baridi. Modi msiuunganishe uzi huu na ule wa maisha ya ughaibuni. Huu ni msiba unaojitegemea.

Yule mzee wa kibanda cha wapanda milima. Mnamjua. Yeyote aliyewahi kupanda upande ule wa milima ya Karwendel anamjua, msijifanye leo ndiyo mnamsikia. Yule wa kaptula ya ngozi na mashavu mekundu, anayeanza kukukazia macho ukiwa bado uko kona ya chini kabisa ya njia, utadhani unakuja kumdai. Simtaji, na sina haja ya kumtaja.

Nimepanda toka asubuhi, mawe juu ya mawe, goti limelia mpaka likanyamaza lenyewe. Saa saba na nusu mchana nafika. Wenyewe wanakiita kibanda, lakini kina ghorofa mbili, baraza la meza ndefu za mbao, na winchi ya kupandishia mizigo toka bondeni. Nikaagiza kihalali kabisa, wala sikwenda kuzurura. Supu ya donge la mkate, yuro nane na nusu. Maji ya ng'ombe, donge moja katikati, na vipande vya kitunguu jani ambavyo naweza kuwatajia kwa majina. Juisi ya tufaha iliyoongezwa maji ya gesi, yuro tano. Nikalipa keshi kwa sababu eti mashine ya kadi haina mtandao. Mlima mzima watu wanarusha picha Instagram, kwake tu ndiyo hakuna mtandao.

Sasa supu tupu unaila na nini? Mama watoto aliamka alfajiri akasukuma chapati. Nikatoa chapati. MOJA. Nikaichana, nikachovya.

Mzee huyoo katoka jikoni. Hakuna salamu, hakuna ile "Mahlzeit" ambayo huku hata mtu mliyeshtakiana anakutakia akikukuta na kijiko mkononi. Kaichukua chapati yangu kwa vidole viwili kama kashika mkia wa panya, kairudisha ndani ya begi langu, halafu AKAFUNGA ZIPU.

Wakuu. Zipu.

Angesema "weka ndani", ningeweka. Angekohoa tu, ningeelewa, mimi ni mtu mzima. Kaifunga yeye mwenyewe, polepole, ile zrrrrrp ikasikika mpaka Italia. Nimekaa meza moja na wazee wenye fimbo za kutembelea ambao hatujuani, maana huku unabanwa popote penye nafasi, na wote wakaacha kutafuna. Mbwa wao akaniangalia kwa huruma. MBWA. Mimi mara ya mwisho kufungiwa zipu ya begi na mtu nilikuwa naingia darasa la kwanza, na alikuwa marehemu bibi yangu, na alinibusu baada ya hapo.

Kisha akanyoosha kidole ukutani. Kuna kibao: vyakula vya kuja navyo marufuku. Kibao chenyewe kimeandikwa kwa yale maandishi ya kale yenye mikia ambayo hata Wajerumani wenyewe wanayasoma kwa kukisia.

Supu imepoa. Nikaomba maji ya moto nijipoze na chai, naambiwa yuro mbili. Maji! Na ilipogonga saa nane jiko likafungwa, imebaki keki tu. Lakini hayo yote nimesamehe. Zipu ndiyo siwezi. Kaifunga mpaka mwisho, wakuu.

Nawasilisha.

kijiko_cha_mbao:

Picha ya chapati iko wapi? Uzi bila picha ni chai.

Mzee wa Nyamongo:

Yaani umekimbia jua la Mbagala ukaenda kununua supu ya zaidi ya elfu ishirini juu ya mawe, halafu unatulilia sisi. Huku tukipanda mlima tunafuata kuni.

Dada_wa_Zurich:

Kaka shukuru Mungu hukuvuka kuja Uswisi. Kule juu karibu na barafu, chupa ya maji ya lita moja na nusu inapita faranga kumi. Ukishangaa, mlezi wa kibanda anakwambia imekuja kwa helikopta. Na ni kweli, mizigo mingi inaletwa na helikopta. Mimi toka nizaliwe sijapanda helikopta, maji yamepanda.

Mbagala_hadi_Munich:

Dada pole, ila hayo maji yalikufungia zipu?

Wakili wa Mlimani:

Mleta uzi, tuelewane kwanza. Kibanda kilikuwa cha chama au cha mtu binafsi? Maana vile vya Alpenverein, chama cha wapanda milima, vya daraja la kwanza, mwanachama anaruhusiwa kula chakula chake, anapewa maji ya moto ya chai kwa bei ya chama, na menyu lazima iwe na angalau mlo mmoja wa bei nafuu kwa wapanda milima. Kadi yako ya uanachama unaitoa mapema, kabla ya kuagiza. Kama ni cha mtu binafsi, hapo umeingia mgahawa wa watu na hotipoti yako. Na hayo maji unayoshangaa kulipia: Karwendel ni milima ya chokaa, mvua ikinyesha inazama chini kwenye nyufa. Vibanda vingi vya namna hiyo vinakinga maji ya mvua na theluji kwenye matangi, kiangazi kikikaza wanapimiana.

Mbagala_hadi_Munich:

Mkuu, unaniletea daraja la kwanza na chokaa, mimi nimefungiwa ZIPU. Hivi mmesoma kweli? Hata upenyo hajaacha.

kijiko_cha_mbao:

Ulitaka aache upenyo chapati ipumue?

Shemeji wa Innsbruck:

Hahaha, huyo mzee namjua. Mimi alinirudisha mlangoni nikavue viatu nivae zile ndara zao za pamoja, zimevaliwa na Austria nzima. Ila tuwe wakweli, ile Kaiserschmarrn yake ni nyingine. Chapati maji nene inachanwachanwa kwenye sufuria la chuma, zabibu kavu, sukari ya unga juu, na rojo la plamu pembeni. Nililia kwa hasira huku naomba nyingine.

Mbagala_hadi_Munich:

Msaliti mkubwa wewe.

Bi Mkubwa Tanga:

Mwanangu, hiyo chapati ilikuwa ya kusukuma au ya maji?

Mbagala_hadi_Munich:

Shikamoo Bi Mkubwa. Ya kusukuma, imekunjwa, tabaka zinahesabika.

Bi Mkubwa Tanga:

Marahaba. Basi huyo mzee kaona biashara inakufa. Donge la mkate na chapati ya tabaka, wapi na wapi! Kafunga zipu kwa wivu.

Mgumu_wa_Marangu:

Mnanichekesha na mnaniudhi. Kibanda cha juu kuliko vyote Ulaya ni Capanna Margherita huko Italia, mita 4,554. Kibo Hut ya Kilimanjaro iko juu ya hapo, zaidi ya 4,700, na mgeni anapokelewa na bisi za moto na chai, maji ya kunawa yanamsubiri kwenye beseni. Nani kabeba hayo yote? Mimi mgumu, yaani mbeba mizigo, kilo 20 kichwani, napita pembeni ya mgeni anayeambiwa "pole pole" akiwa na kibegi cha kamera. Halafu siku ya kushuka, bahasha ya tipu inapitia kwa yule kiongozi wetu. Mnamjua, yule wa miwani ya jua hata usiku. Bahasha inaondoka kwa mgeni imenona, ikitufikia imekonda. Nilifungua uzi wa hilo jambo, hakuna aliyechangia hata nukta. Wa zipu ndiyo mmejaa.

Mzee wa Nyamongo:

Mgumu, ule uzi niliuona, ulikuwa mrefu.

Abiria_wa_Mwanza:

Wagumu nawaonea huruma, ila ukitaka dhuluma ya chakula cha safari panda basi. Ile hoteli, mnaijua. Konda anatangaza dakika ishirini za kula na kuchimba dawa. Foleni ya choo peke yake ni kumi na tano. Wali kuku elfu kumi, kuku mwenyewe ni shingo. Unanyanyua kijiko, honi! Na dereva na konda wamejichimbia chumba cha pembeni wanashushiwa mapaja ya bure, ndiyo malipo yao ya kutuleta pale.

Wa Mtito:

Ninyi Wabongo mnapewa hata hizo ishirini? Huku Mombasa Road ukishuka uchukue chai, imetoka jikoni ikichemka, utainywa saa ngapi? Mimi nilirudi kwa basi na kikombe cha wenyewe. Bado niko nacho.

Dada_wa_Zurich:

Rudisha kikombe cha watu!

Mbagala_hadi_Munich:

Jamani turudi kwenye mada. Zipu.

kijiko_cha_mbao:

Mleta uzi tuliza mshono, watu wazima wanaongea mambo ya kuku.

Abiria_wa_Mwanza:

Nimesahau kusema, niliomba wanibadilishie ile shingo, mpishi akanijibu kuku aliisha tangu jana. Sasa mimi nimekula shingo ya nani?

Bi Mkubwa Tanga:

Uuuuwi! Hiyo hoteli iko upande upi wa barabara, ukitokea Dodoma?

Mgumu_wa_Marangu:

Shingo sio mbaya ikiwa na mchuzi.

Abiria_wa_Mwanza:

Mchuzi unauzwa peke yake, mkuu. Elfu moja.

Wa Mtito:

Elfu moja ya mchuzi?? Fungua uzi wake huo, tunakuja wote.