Kobalti imeanguka, mifereji imesimama: tuulize karatasi gani?

Mwana_Lshi
Wandugu, salamu. Komini yetu (serikali ya mtaa) hapa Kongo ya Kinshasa iliandika kwenye bajeti mifereji ya maji ya mvua na kituo cha afya, vyote vilipwe kwa lile fungu la 15% la redevansi, yaani ada ambayo kampuni inalipa kwa madini inayouza. Mifereji ilichimbwa nusu, kazi ikasimama. Ofisini jibu ni moja: bei ya kobalti imeanguka. Lakini shaba iko juu, na mishahara inatoka. Jibu hilo linaweza kuwa la kweli? Na mbona Leta (serikali) ikikosa pesa ni mfereji unaosimama kwanza?

Mhasibu_Katanga
Linaweza kuwa kweli, ila lipimeni kwa hesabu. Sheria ya madini ilivyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inagawa redevansi hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% komini au sheferi (eneo la chifu) ambako mgodi uko, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inatozwa 3.5% ya thamani yake sokoni. Kobalti inatozwa 10%, tangu ilipowekwa kati ya madini ya mkakati mwishoni mwa 2018.

Sasa piga hesabu. Tani ya shaba ikiwa dola 9,000, redevansi ni 315 na komini inapata dola 47 na kitu. Tani ya kobalti ikiwa dola 80,000, kama ilivyokuwa mwezi wa nne 2022, redevansi ni 8,000 na komini inapata 1,200. Mapema 2025 tani ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 22,000: komini ilibaki na 330. (Kobalti yetu inauzwa zaidi kama hidroksidi, unga ambao bado haujasafishwa kuwa metali, ambao hulipwa chini ya bei hiyo, basi tazameni uwiano kuliko dola zenyewe.)

Tena si bei peke yake. Redevansi inahesabiwa madini yanapotoka kiwandani kwa safari. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, na mwezi wa kumi ikaleta kiwango cha juu: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, kisha 96,600 kwa mwaka 2026 na vilevile 2027. Magunia yakilala ghalani, 15% ya komini inalala nayo. Kwa hiyo swali lenu la kwanza: mgodi wa kwenu unatoa nini, na tani ngapi zilitoka? Kama unatoa shaba tupu, kobalti haiwezi kuwa kisingizio.

Kuhusu mishahara: mtumishi aliye kwenye orodha ya Leta analipwa na hazina ya Kinshasa kupitia benki. Mshahara wake kutoka hakuonyeshi kwamba sanduku la komini lina kitu.

Fundi_wa_Bajeti
Niongeze upande wa serikali kuu na jimbo, maana huko pigo ni kali kuliko redevansi inavyoonyesha. Redevansi inashuka sawa na bei. Kodi ya faida, ambayo ni 30%, inashuka mara kadhaa zaidi. Chukua kampuni inayotumia dola 6,000 kutoa tani ya shaba. Bei ikiwa 9,000, faida ni 3,000 na kodi ni 900. Bei ikishuka hadi 7,000, faida inabaki 1,000 na kodi 300. Bei imepungua chini ya robo. Kodi imepungua theluthi mbili.

Tena pigo linachelewa. Kampuni inatanguliza sehemu ya kodi kwa kufuata kodi ya mwaka uliopita. Basi mwaka bei inapoanguka hazina bado inapokea pesa za mwaka mzuri, wakubwa wanasema hali imetulia, mikataba mipya inasainiwa. Mwaka unaofuata ndipo shimo linaonekana, na mikataba iko tayari mikononi mwa watu. Hapo ndipo mifereji inakufa.

Kwa nini mifereji? Matumizi ya Leta yanapita milango minne: pesa inatengwa, kazi inahakikiwa, malipo yanaamriwa, kisha pesa inatoka. Mshahara, deni na usalama vinasukumwa mpaka mlango wa nne. Kazi ya ujenzi inaachwa kati ya mlango wa tatu na wa nne: karatasi imesainiwa, pesa haipo. Mjenzi alikopa benki ili anunue saruji. Asipolipwa anaachisha vibarua, riba inakua, na zabuni ijayo ataweka bei ya juu ili ajikinge na ucheleweshaji. Deni hilo lisilolipwa halionekani kwenye bajeti, lakini linaongeza ukali wa mdororo katika mtaa uleule uliopaswa kusaidiwa.

Mwana_Lshi
Asante sana, wakubwa. Lakini 2008 Marekani na China zilimwaga pesa wakati wa shida, China peke yake yuan trilioni 4. Sisi kwa nini tukaze mkanda?

Mhasibu_Katanga
Kwa sababu wao wanakopa kwa pesa zao wenyewe na watu wanakubali kuzishika. Hapa Leta ikilipa kwa franka zilizotengenezwa Benki Kuu, mpokeaji anazigeuza dola siku hiyohiyo. Mwisho wa 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 930; mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,590. Anayelipwa kwa franka na kununua unga uliopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndiye aliyebeba mzigo huo.

Mfano unaotufaa ni Chile, nchi ya shaba kama Katanga. Tangu 2001 walipanga matumizi kwa bei ya shaba ya muda mrefu, si bei ya leo. Mwisho wa 2008 walikuwa na karibu dola bilioni 20 kwenye mfuko wao wa kutuliza uchumi. Shaba ilipoanguka, Januari 2009 walitangaza mpango wa dola bilioni 4 bila kwenda kuomba.

Fundi_wa_Bajeti
Hapo niweke mpaka mmoja. Watu wataleta ile 10% ya mfuko wa vizazi vijavyo kama jibu. Si kazi yake. Mfuko ule umewekwa kwa siku mgodi utakapokwisha. Kuuchota kwa mishahara ya mwaka mbaya ni kula mbegu. Akiba ya kutuliza lazima iwe sanduku lingine, na hata komini inaweza kuanza yake: ipange bajeti kwa bei ya chini kabisa ya miaka mitatu iliyopita, na kinachozidi kiwekwe akiba. Kazi pia igawanywe vipande vinavyofaa kila kimoja. Mita 300 za mfereji zilizofika mtoni ni bora kuliko mita 900 zilizochimbwa zisizofika popote, kwani shimo lisilo na njia linakusanya maji na kubomoa ukuta wa jirani.

Mwana_Lshi, karatasi za kuomba ni hizi: hati za redevansi zilizotumwa kwa kampuni, taarifa ya benki ya akaunti ya komini (sehemu ya 15% hulipwa humo moja kwa moja), na barua inayoonyesha kazi ilifika mlango wa ngapi. Linganisheni na ripoti za ITIE (mpango wa kimataifa wa uwazi wa mapato ya madini), ambamo kampuni inatangaza ilicholipa na ofisi inatangaza ilichopokea, ingawa ripoti huchelewa. Kama pesa iliingia na malipo hayakuamriwa, kobalti haihusiki. Kama haikuingia, ombeni mifereji ifungwe kwa mawe na kifusi kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja.