Tupeane uzoefu: darasa lilipobadilishwa, ufundishaji nao ulibadilika?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, kila tunapozungumzia shule inayomfaa mwanafunzi wa leo, mazungumzo huishia haraka kwenye vifaa: kishikwambi kwa kila mtoto, skrini kubwa ukutani, viti vya rangi vyenye magurudumu. Nimeshaona vifaa hivyo vikipokelewa kwa shangwe, kisha mwalimu akaendelea kusimama pale pale na kuwaandikisha wanafunzi maelezo yale yale, tofauti ikiwa kwamba sasa wanayanakili kutoka kwenye skrini badala ya ubaoni. Kwa hiyo naomba kila mwenye uzoefu aeleze ni nini hasa kilibadilishwa katika jengo, samani au ratiba ya shule anayoifahamu, kisha atuambie kipindi cha siku ya kawaida kilikuwaje baada ya hapo, maana habari za siku ya uzinduzi hazitusaidii. Majina ya shule tuyaache.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1960 na 1970, Marekani na Uingereza zilijenga shule nyingi zisizo na kuta kati ya darasa na darasa, kwa imani kwamba mtoto angejifunza kwa kasi yake huku akihama kutoka kundi moja kwenda jingine. Wazo lilikuwa na mantiki, lakini walimu wengi walikabidhiwa ukumbi mpana bila kuandaliwa kufundisha kwa namna iliyokusudiwa, wakaendelea kuhutubia kila mmoja darasa lake huku wakishindana kwa sauti. Makabati na rafu za vitabu vikapangwa kuwa kuta za muda, na baadaye shule nyingi zikajenga kuta zenyewe. Swali langu linatoka hapo: mlipobadili chumba, nani alibadili kipindi?

Mwalimu wa sayansi

Kwetu uliondolewa ukuta kati ya vyumba viwili, ukawekwa mlango mpana wa kukunja. Wiki za mwanzo zilikuwa vurugu tupu: mimi naeleza mzunguko wa umeme, mwenzangu wa lugha anasomesha shairi kwa sauti, na wanafunzi waliokaa katikati wanapata nusu ya umeme na nusu ya shairi. Kufunga mlango hakukusaidia sana, kwa sababu sauti ilipenya kwenye maungio. Tulichofanya hatimaye ni kuandika kila Ijumaa karatasi moja ya mpango wa wiki inayofuata, tukionyesha dakika zipi ni za kueleza, zipi ni za vikundi na zipi ni za kuandika kimya, na tukakubaliana kwamba tusieleze wote kwa wakati mmoja na kwamba kazi za vikundi ziangukie pamoja pande zote mbili.

Kulikuwa na faida ambayo sikuitarajia. Kwa kuwa dakika zangu za kueleza zilikuwa na mwisho unaojulikana na mwenzangu alikuwa akisubiri zamu yake, nililazimika kuchagua maneno, na yale maelezo ya pembeni niliyozoea kuyaingiza yakapungua. Nadhani wanafunzi walifaidika na huo ufupi kuliko walivyofaidika na mlango.

Mzazi

Shuleni kwa mwanangu waliletwa meza za duara ili watoto washirikiane, lakini mwalimu bado anafundisha kwa kuandika ubaoni kipindi kizima. Mwanangu amepangiwa kiti kinachoupa ubao mgongo, na anarudi nyumbani akilalamikia shingo.

Msanifu majengo

Mwalimu wa sayansi, tatizo lako lina kipimo. Pamoja na kelele zinazopenya kutoka chumba cha pili, sisi huangalia muda ambao sauti huchukua kufifia chumbani baada ya msemaji kunyamaza, na viwango vya Marekani na Uingereza kwa darasa la kawaida la shule ya msingi vinalenga takriban sekunde 0.6 au chini ya hapo. Chumba chenye sakafu ya saruji, kuta za plasta na dari ngumu huvuka kiwango hicho kwa urahisi, na matokeo yake mwisho wa neno moja humeza mwanzo wa neno linalofuata. Mtu mzima hujazia pengo kwa kukisia, lakini mtoto anayekutana na neno kwa mara ya kwanza hana cha kukisia. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu. Ukisikia mlio unaendelea kutetema, fedha ya skrini ielekeze kwanza kwenye dari inayofyonza sauti.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, wakiongozwa na Peter Barrett, walitoa matokeo ya uchunguzi wa madarasa 153 katika shule 27 za msingi nchini Uingereza, yenye wanafunzi 3,766. Walikadiria kwamba sifa za chumba zilieleza asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi hao katika mwaka mmoja wa masomo, na takriban nusu ya athari hiyo waliihusisha na mwanga, joto na ubora wa hewa. Hivyo ni vitu visivyopendeza katika picha za tangazo, na wateja wetu huviulizia mwisho.

Wala havihitaji mitambo ya gharama. Shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001 na kubuniwa na Diébédo Francis Kéré, ilijengwa kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Paa la bati liliinuliwa juu ya dari yenye matundu, ili hewa ya moto ipande na kutoka huku hewa baridi zaidi ikiingia kupitia madirishani. Hakuna kiyoyozi. Mwalimu anayefundisha chini ya bati lisilo na dari, saa nane mchana, anajua tofauti hiyo ina maana gani kwa umakini wa wanafunzi wake.

Kuhusu swali la nani alibadili kipindi, mfano ninaoupenda ni shule ya Crow Island huko Winnetka, Illinois, iliyofunguliwa mwaka 1940. Mmoja wa wasanifu wake, Lawrence Perkins, alishinda madarasani akiwaangalia walimu na watoto kabla michoro haijakamilika. Kila darasa likapewa umbo la herufi L, sehemu ya kazi za mikono, choo chake na mlango wa kutokea kwenye ua wake mdogo, kwa sababu ufundishaji wa pale tayari ulikuwa na shughuli za kuchukua nafasi hizo. Mara nyingi mimi huitwa baada ya kila kitu kuamuliwa, nikaambiwa tu idadi ya vyumba.

Mwalimu wa hesabu

Mzazi, pole, lakini nakushauri uzungumze na mwalimu huyo, kwa sababu mpangilio wa meza unapaswa kufuata kazi inayofanywa. Kwa kazi ya mtu mmoja mmoja, safu za kawaida huwasaidia watoto wengi kutulia, na kwa mjadala, kutazamana uso kwa uso kuna faida. Duara si la kisasa kuliko safu.

Mabadiliko yangu hayakugusa samani. Nilichukua mbinu ambayo Eric Mazur alianza kuitumia katika kufundisha fizikia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991, nikaipunguza iwafae wanafunzi wangu. Naandika swali ubaoni, kwa mfano: namba imeongezwa asilimia 20, kisha jibu likapunguzwa asilimia 20, je, tumerudi tulipoanzia, tumezidi au tumepungua? Kila mmoja anaandika jibu lake kimya, halafu wote kwa pamoja wanaonyesha chaguo kwa vidole mbele ya kifua, ili jirani asiige. Wengi huchagua kwamba tumerudi. Hapo sisemi lolote. Nawaambia kila mtu amgeukie jirani yake na kumshawishi. Ndani ya dakika chache utamsikia mmoja akisema, "Chukua mia moja, inakuwa mia na ishirini, sasa asilimia ishirini ya mia na ishirini ni ngapi?" na tisini na sita inajitokeza bila mimi kuitaja. Kisha wanapiga kura upya.

Dawati la watu wawili linatosha kabisa kwa kazi hiyo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika vyuo vikuu, wakakuta kwamba wanafunzi wanaofundishwa kwa mhadhara mtupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 kuliko wale wanaoshirikishwa. Hizo ni tafiti za vyuo, na mtoto wa shule anahitaji kuongozwa kwa karibu zaidi, lakini mwelekeo huo nimeuona katika madaftari yangu.

Mwalimu wa madarasa ya chini

Naongeza kuhusu mapambo. Tulihimizwa kujaza kuta zote chati na picha, ikawa shindano baina ya walimu. Utafiti wa Anna Fisher na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha watoto wa chekechea waliofundishwa katika chumba kilichojaa mapambo na katika chumba kisicho nayo, na kwenye mapambo walipoteza umakini zaidi na kujifunza kidogo zaidi. Sasa ukuta wa mbele nauacha na ubao pamoja na chati ya mada ya wiki hiyo tu, na kazi za watoto nazibandika nyuma na pembeni, ambako wanazionea fahari wakati wa mapumziko.

Mwanafunzi wa zamani

Mimi nasikia kwa sikio moja tu. Katika safu nilikaa upande wa ukuta, sikio zima likielekea darasani, na nilifuatilia vizuri. Zilipoletwa meza za vikundi nilipoteza nusu ya kila mjadala, na hakuna aliyegundua, kwa sababu nilijifunza kutikisa kichwa wenzangu walipotikisa. Viti vyenye magurudumu havikunisaidia kitu hadi mwalimu mmoja aliporuhusu kila mtu kuchagua pa kukaa kulingana na kazi. Mnapopanga darasa jipya, waulizeni wanafunzi, na muwaulize mmoja mmoja.

Mwanzisha mada

Asanteni. Mwalimu wa sayansi, ile karatasi ya Ijumaa ilidumu?

Mwalimu wa sayansi

Ilidumu hadi mwenzangu alipohamishwa. Aliyempokea ni mwalimu mzuri, lakini hapendi kufungwa na dakika za mtu mwingine, na siwezi kumlaumu, kwa kuwa mpango ule ulikuwa makubaliano ya watu wawili yasiyoandikwa popote katika ratiba ya shule. Kwa sasa mlango tunaufungua tu siku za wanafunzi kuwasilisha ripoti za majaribio, ambazo yeye anazisahihisha lugha na mimi nasahihisha sayansi. Nimemwomba mkuu wa shule atutengee kipindi kimoja cha kupanga pamoja ndani ya saa za kazi. Amekubali kukiingiza katika ratiba ya muhula ujao.