Asparajinasi ya hospitali na ya viwandani, si kitu kimoja?

Mama_Wawili: Wakuu, habari zenu. Mwanangu ana saratani ya damu, leukemia ya limfoblasti. Kwenye matibabu anachomwa asparajinasi. Nimesoma kwamba kimeng'enya hicho hutumika pia viwandani kwenye biskuti na krispi. Huo unga wa viwandani akinywa si itakuwa yaleyale?

Fundi_Maabara: Hapana, dada. Kazi yake ni kuvunja asparajini, kijenzi kimojawapo cha protini. Seli za leukemia hiyo haziwezi kujitengenezea ya kutosha, zinaitegemea iliyo kwenye damu, ikiisha zinakufa. Akiinywa, tumbo litaisaga kama protini nyingine yoyote, damuni haifiki. Kwani sindano ina shida gani?

Mzee_Kijiwe: Krispi niliziacha tangu 2002, Waswidi walipotangaza habari ya akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Asparajini na sukari zikipita nyuzi joto 120, akrilamidi hiyo hapo, ndiyo maana viwandani wanatia hicho kimeng'enya. Vijana mnakula vya kukaanga tu, hamsikii!

Binti_Nesi: Mzee, tuna mgonjwa hapa. Mama, dozi iliyopita ilikwendaje?

Mama_Wawili: Nimeuliza tu jamani.

Binti_Nesi: Hujajibu.

Mama_Wawili: Haya. Alivimba midomo, vipele mwili mzima, akawa anahema kwa shida. Tangu siku hiyo sijamrudisha. Wanapiga simu, sipokei. Unga nimeshaagiza. Msinihukumu, hamkumwona.

Kaka_Mkavu: Hii chai. Mzazi anajua mpaka jina la kimeng'enya, halafu hajui mtoto arudi hospitali?

Dada_Mkubwa: Wewe hujauguza. Mdogo wangu alipougua hivyo nilijua dawa zake zote kwa majina. Kongosho lilipovimba kwa sababu ya hiyohiyo asparajinasi, mimi ndiye niliyewatajia madaktari.

Mama_Wawili: Chai? Kadi yake ninayo mkononi, wameandika MZIO kwa wino mwekundu.

Fundi_Maabara: Basi sikiliza. Inayotumika sana hutokana na bakteria E. coli. Ipo nyingine ya bakteria Erwinia, na mwili ulioikataa ya kwanza mara nyingi huipokea hiyo. Waulize. Ya viwandani hutokana na kuvu wa Aspergillus, na haikusafishwa iingie mwilini mwa mgonjwa.

Mama_Wawili: Hiyo ya Erwinia sijawahi kutajiwa. Wakipiga kesho nitauliza. Ila unga siurudishi kwanza.

Binti_Nesi: Usingoje wapige. Piga wewe, sasa hivi, na uanze na huo mzio.