Tupeane uzoefu: mliofiwa na baba mkimya, mnamkumbuka kwa lipi?

Habari zenu wadau, na wakubwa shikamooni. Juzi tumemaliza arobaini ya mzee wetu hapa Temeke. Wageni wameondoka, maturubai yamekunjwa, na mimi bado nina neno linanikaba.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Aliajiriwa TAZARA mwaka 1976, reli ilipokabidhiwa, akawa mhudumu wa behewa mpaka alipostaafu. Reli ile inakwenda hadi Kapiri Mposhi, kule Zambia, kilomita 1,860, kwa hiyo siku nyingi za utoto wetu hakuwepo. Akirudi usiku, mchele wa Mbeya begani, hamwamshi mtu. Anatua mzigo, ananawa, kisha anaingia chumbani kwetu kuzungukia vitanda. Neti ya huyu imechomoka miguuni, anaichomeka. Ya yule ina tundu, analifunga fundo. Mbu wa Temeke masika mnawajua. Mimi najifanya nimelala ili aendelee.

Makaburini sikutoa chozi. Usiku wa pili wa msiba nililala chumba kile kile, nikashtuka saa tisa mbu wananilia sikioni, neti imechomoka. Sikuigusa. Nililala vile vile nasubiri, na sikujua nasubiri nini hadi kulipopambazuka. Hapo ndipo nililia.

Wa kwenu alikuwaje?

Binti wa Kigamboni
Pole sana kaka. Kabla Daraja la Nyerere halijafunguliwa 2016, sisi tuliosoma mjini maisha yetu yalikuwa pantoni. Foleni ikiwa ndefu nafika ng'ambo giza limeshaingia. Baba yupo pale pale abiria wanaposhukia, tochi mkononi. Haulizi kwa nini nimechelewa. Anasema "Umekula?", anachukua begi, anatangulia. Tochi alikuwa anaimulika nyuma yake, si mbele. Yeye gizani, mimi kwenye mwanga. Nimekuja kuliwaza hilo nikiwa mtu mzima, na yeye hayupo.

Mjukuu wa Rufiji
Wangu yupo hai, Mbagala. Simu zetu ni hivi: shikamoo baba, marahaba, hamjambo, haya ongea na mama yako. Nimesoma hapa nikampigia tena. Leo sikukubali anipe mama.

Mtoto wa Fundi
Mzee wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo, kitengo cha kufuma. Anayezijua mashine zile anajua: mnaongea kwa ishara, na enzi zile vya kuziba masikio hawakuwa navyo. Nyumbani tulimwona mkimya, tena wengine wakasema ana kiburi, ukimsalimia kwa nyuma haitikii. Kumbe masikio yalikuwa yameisha. Hakutuambia. Alichofanya ni kuhamisha kiti chake sebuleni, akakiweka kinatazama kila anayeingia, ili atusome midomo. Tuliishi na kile kiti pale zaidi ya miaka kumi tukidhani anapenda upepo wa mlangoni. Daktari ndiye aliyetufungua macho, mwaka wake wa mwisho. Nikikumbuka nilivyokuwa namjibu huku nimegeukia televisheni, naumia sana.

Mkazi wa Tandale
Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Ukimya wa baba uliniumiza. Siku ya mahafali yangu pale Mlimani alikuja amevaa suti, akanishika mkono, basi. Baada ya mazishi wazee wa kijiwe chake cha bao wakaniita kwa kozi niliyosoma, wanajua hadi matokeo yangu ya kidato cha nne. Wote aliwaambia. Nawashukuru, lakini nilitaka kuyasikia mimi, kwa sauti yake.

Mwanzisha mada
Mkazi wa Tandale, hujakosea popote ndugu yangu. Hata mimi ningelipa chochote nisikie neno moja.

Fundi, la kiti limenifanya nimpigie mama. Nikamuuliza analalaje sasa. Akasema neti anajichomekea mwenyewe pande tatu, wa ukutani alikuwa anauchomeka baba, mkono wake yeye haufiki. Siku arobaini zote amelala upande ule uko wazi, hajamwambia mtu.

Jumamosi naenda kukisogeza kitanda.