Teksi ya umeme Mwanza: ya kubadilisha betri au ya kuchaji kwa waya?

DerevaAirport: Wakuu, habari za jioni. Naendesha IST ya bosi, kijiwe chetu ni uwanja wa ndege. Bosi anataka gari la umeme na ameniambia nichague. Mimi roho iko kwenye kubadilisha betri, kwa sababu hesabu ya siku haingoji gari lijae chaji. Nyumbani nimepanga Igoma, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja wapangaji wanne. Nishaurini.

FundiNyakato: Mkuu, kubadilisha ni kuzuri. Kule China vituo vya kampuni ya magari ya NIO vinamaliza kwa dakika kama tano, mtambo unafungua betri chini ya gari dereva akiwa amekaa ndani. Ila gari lazima liwe limeundwa kwa betri hiyo, na kituo kiwe na betri nyingine zinazochajiwa muda wote. Hiyo ni mitaji mikubwa. Kampuni ya Better Place walijenga vituo Israel na Denmark, wakapata gari moja tu, Renault Fluence, la kuvitumia, na 2013 wakafilisika. Kwa teksi chache za Mwanza, nani atajenga?

Bodaboda ni habari nyingine. Kigali, kampuni ya Ampersand wanabadilisha na inafanya kazi, kwa sababu betri ya pikipiki inabebwa kwa mkono. Ya gari la umeme la Nissan Leaf, ya 40 kWh (yaani yuniti 40 za umeme), ina karibu kilo 300! Chukua ya waya. Kwa chaja ya kilowati 7 inajaa usiku mmoja, na mchana unaongeza kidogo ukiwa kijiweni.

MwenyeNyumba_Igoma: Mwanangu, usichajie kwenye LUKU ya pamoja. Wenzako wanatumia ile bei nafuu ya yuniti 75 kwa mwezi. Gari lako litazimaliza kwa siku mbili, wote muanze kulipa shilingi 350 na ushee kwa yuniti. Mtagombana, nami ndiye nitakayeitwa kusuluhisha.

DerevaAirport: Asante mama, hilo sikuliwaza. Fundi, na TANESCO wakikata usiku kucha?

FundiNyakato: Hapo kituo cha kubadilisha kinatushinda, betri zake zimeshajaa. Wewe itabidi usingoje chaji ishuke sana: ikifika nusu, chomeka. Na chaja ifungwe kwa bosi, kwa LUKU yake. Gari ni lake, lilale kwake.

DerevaAirport: Bosi anakaa Buhongwa. Nikiacha gari saa tano usiku, Igoma nafikaje?

FundiNyakato: Nauli ya boda itoke kwenye hesabu. Kubalianeni kabla gari halijaagizwa.