Kuhamia Kericho: nijiandae vipi kucheza gofu kwenye kiwanja cha mashimo tisa?

Mgeni_wa_Kericho aliuliza:

Wanajukwaa, natumaini hamjambo nyote. Nimehamishiwa Kericho kikazi kutoka Nairobi, ambako nimezoea kucheza kwenye viwanja vya mashimo kumi na nane vyenye grini (sehemu ya nyasi fupi iliyo na shimo na bendera) za kasi, vibao vya umbali na njia pana zilizokatwa nyasi kila asubuhi. Sasa nitakuwa nikicheza kwenye viwanja vidogo vya nyanda za juu za magharibi, kuanzia hapa Kericho penye mashimo tisa katikati ya chai, na nikipata nafasi nitafika Nandi Hills na Kisii, ambako viwanja navyo ni vya mashimo tisa.

Wenzangu wa Nairobi wananiambia kwamba mashimo tisa ni nusu ya mchezo, na kwamba alama nitakazopata huku hazitakuwa na uzito. Mimi siamini hivyo, ila sina ujuzi wa kuwajibu. Ningeomba wanaovifahamu viwanja vya namna hii wanieleze mambo matatu: jinsi raundi kamili inavyochezwa, namna ya kuchagua fimbo na kupanga mipigo kwenye ardhi ya huku, na desturi ambazo mgeni anapaswa kuziheshimu ili asiwakwaze wenyeji.

Nyasi_za_Juu alijibu:

Karibu sana nyanda za juu, ndugu yangu. Nitaanza na ardhi, kwa sababu ndiyo itakayokufundisha zaidi ya mtu yeyote.

Nyasi utakazokanyaga sehemu nyingi za huku ni zile zinazoitwa kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ambazo zilisambazwa hadi Australia, Afrika Kusini na California. Kiwanja maarufu cha Riviera mjini Los Angeles, ambacho wachezaji wakubwa wa Marekani hukiogopa kwa nyasi zake, kimeota nyasi hizi hizi ambazo kwetu ng'ombe wanazila kando ya barabara. Basi usiende ukidhani kwamba umeshuka daraja. Nyasi za kikuyu zina mashina manene yanayotambaa na kusukana, na zikikatwa vizuri huuinua mpira, ukakaa juu yake kana kwamba umewekwa kwenye kijiti cha tii, kile cha kuwekea mpira wakati wa pigo la kwanza. Hapo hakuna raha inayozidi kupiga fimbo ya chuma. Lakini zikirefuka hata kidogo, hushika shingo ya fimbo na kuipindua, kwa hiyo mtu anayejaribu kupiga mbali kutoka kwenye nyasi ndefu huambulia mpira uliosogea hatua chache tu. Chukua fimbo yenye uso ulioinama zaidi, shika kwa nguvu zaidi ya kawaida, kisha urudi kwenye njia kwa pigo moja. Mtu anayekubali kupoteza pigo moja huku humshinda anayekataa, na nimeona hivyo kwa wachezaji wa kila kiwango.

Jambo la pili la nyasi hizi ni kwamba hazibingirishi mpira. Ule mchezo wa kuudondosha mpira mbele ya grini ili ujiviringishe wenyewe hadi bendera hautakufaa, maana mpira ukiangukia kwenye kikuyu yenye unyevu husimama pale pale. Piga hesabu ya umbali wa hewani peke yake, mpaka juu ya grini. Kuhusu mwinuko, Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hurefusha safari ya mpira. Lakini wewe unatoka Nairobi, ambako nako ni juu, kwa hiyo hutaona tofauti kubwa. Anayepanda kutoka Mombasa ndiye anayepaswa kuchagua fimbo ya umbali mfupi zaidi. Tofauti utakayoiona wewe ni mvua. Asubuhi hapa huwa kavu na angavu, na alasiri mawingu hukusanyika kutoka upande wa Ziwa Victoria, hivyo shimo ulilolifikia kwa fimbo namba 7 asubuhi linaweza kukudai namba 5 baada ya chakula cha mchana.

Grini za viwanja vidogo mara nyingi ni ndogo, na huenda polepole kuliko zile ulizozizoea. Lenga katikati kila mara, hata bendera ikiwa pembeni na ikakuita. Kwenye grini ya polepole mpira haupindi sana kwa mteremko, kwa hiyo usiusomee mteremko mkubwa kama unavyofanya Nairobi. Sukuma mpira kwa uthabiti na kwa mstari ulionyooka zaidi.

Mwamuzi_wa_Jumamosi alijibu:

Nitajibu lile la nusu mchezo, maana ni dai ninalolisikia mara kwa mara na halina msingi katika historia wala katika kanuni.

Mashindano makubwa ya wazi ya Uingereza yalichezwa Musselburgh, kule Scotland, mara sita kati ya 1874 na 1889, na kiwanja hicho kilikuwa cha mashimo tisa. Mashindano ya kwanza kabisa ya wazi ya Marekani, mwaka 1895, yalichezwa Newport kwenye kiwanja cha mashimo tisa kilichozungukwa mara nne kwa siku moja, na bingwa alikuwa Horace Rawlins. Hata yale ya kwanza ya Uingereza, mwaka 1860 kule Prestwick, yalikuwa kwenye mashimo kumi na mawili. Idadi ya kumi na nane ilitokana na mpangilio wa St Andrews wa mwaka 1764, ikaja kuwa kawaida kwa kufuatwa na wengine. Waambie wenzako hayo.

Raundi kamili huchezwa kwa kuzunguka mara mbili. Viwanja vingi vya namna hii vina tii mbili, yaani mahali pawili pa kuanzia kupiga, kwa kila grini, kwa hiyo shimo la kwanza na la kumi huishia kwenye bendera moja lakini huanzia mahali tofauti, na pengine la kwanza huwa refu linalotarajiwa kumalizwa kwa mipigo minne huku la kumi likiwa la mipigo mitatu lenye pembe nyingine kabisa. Angalia kadi ya alama na rangi za vijiti kabla ya kuanza mzunguko wa pili, kwa sababu anayepiga kutoka tii isiyo yake kwenye mashindano ya kuhesabu jumla ya mipigo huadhibiwa mipigo miwili na lazima arudi kusahihisha.

Kuhusu handikepu, yaani nambari ya kiwango cha mchezaji inayokokotolewa kutokana na alama zake, mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 unakubali alama za mashimo tisa. Zamani ulilazimika kusubiri raundi mbili za mashimo tisa ziunganishwe, lakini tangu 2024 alama za mashimo tisa huongezewa hapo hapo makadirio yanayotokana na handikepu yako mwenyewe, zikawa alama kamili. Huingia kwenye zile raundi 20 za mwisho ambazo 8 bora kati yake ndizo zinazokokotolewa. Uzito wake ni ule ule.

Sasa mambo ya ardhi, ambayo kwenye kiwanja cha shamba yatakukuta kila wiki. Mpira ukilala kwenye kichuguu kilichoinuliwa na fuko, au ukazuiwa nacho, una haki ya kuuhamisha bila adhabu kwa Kanuni ya 16.1, kwani kanuni huhesabu pia udongo uliosukumwa juu kutoka chini. Ukikuta siafu wamezingira mpira wako, Kanuni ya 16.2 inakuruhusu kujiepusha na wanyama wa hatari bila adhabu, na miongoni mwa mifano iliyotajwa humo ni nyoka wenye sumu, nyuki na sisimizi wakali. Usisimame hapo ukijaribu ushujaa. Tumbili akiuchukua mpira uliotulia, na watu wakawa na hakika au karibu na hakika kwamba ni yeye, unaweka mpira mwingine pale pale ulipokuwa.

Alama za kwato za ng'ombe ndizo zinazowachanganya wengi. Kwenye grini unaruhusiwa kuzisawazisha kabla ya kusukuma. Kwenye njia haziitwi shimo la mnyama, kwa hiyo hakuna nafuu isipokuwa kamati ya klabu imeweka kanuni ya mahali. Soma ubao wa matangazo kabla ya kuanza. Wakati wa mvua utakuta pia ruhusa ya kuinua mpira, kuufuta na kuuweka upya karibu na ulipokuwa, na alama zilizopatikana hivyo bado zinakubalika kwa handikepu.

Mtoto_wa_Ziwa alijibu:

Naunga mkono hoja ya ubao wa matangazo. Huku Kisumu kuna kanuni ya mahali ya miaka mingi iliyonukuliwa duniani kote, inayomruhusu mchezaji ambaye mpira wake umesimama karibu mno na kiboko au mamba kudondosha mwingine mahali salama, bila adhabu na bila kulikaribia shimo. Wageni huicheka. Mtu aliyekulia kando ya ziwa haimchekeshi, kwa kuwa kiboko aliyetoka majini jioni kula nyasi ni mnyama wa kumwachia njia nzima. Kila kiwanja kidogo kimeandika kanuni zake kutokana na yaliyowapata watu wake, na mgeni anayezisoma anakuwa amekwisha kuambiwa habari za mahali hapo kabla hajapiga mpira wa kwanza.

Kedi_Mstaafu alijibu:

Nimebeba mifuko kwenye viwanja vya milimani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ningependa kumjibu mgeni kuhusu desturi, kwa sababu wenzangu wameligusa kidogo tu.

Kwanza, mchukue kedi, yaani mbeba mifuko ya fimbo, hata kama umezoea kusukuma kigari. Kwenye kiwanja kisicho na vibao vya umbali, kedi ndiye kibao chako. Anajua kwamba grini fulani inaonekana kupanda lakini mpira huteremkia upande wa bonde, anajua mahali maji yanaposimama chini ya nyasi bila kuonekana, na anaujua mpira wako ulipoingia kwenye chai. Kumbukeni kwamba muda wa kutafuta mpira sasa ni dakika tatu, si tano kama zamani, na dakika tatu kwenye chai ni kitu kidogo sana. Piga mpira wa akiba kabla ya kuondoka kwenye tii. Usiingie kwenye mistari ya chai ukivunja matawi. Ile ni riziki ya mtu, na wachumaji wako kazini wakati wewe uko kwenye mapumziko. Ukiona watu wanachuma karibu na upande unaoelekea kupiga, subiri, hata kama kanuni haikulazimishi na walio nyuma yako wananung'unika.

Pili, rekebisha ardhi. Klabu kubwa ina watunza kiwanja wengi na mashine. Klabu ndogo inaweza kuwa na watu wachache wenye mashine moja ya kukatia nyasi. Alama ya mpira kwenye grini ikiachwa leo, kesho inageuka kovu, na kwenye mashimo tisa grini hiyo hiyo itakanyagwa mara mbili na kila mtu. Rekebisha ya kwako na nyingine moja utakayoikuta. Kipande cha nyasi kilichong'oka kirudishwe na kukanyagwa, maana kikuyu hushika upesi kikirudishwa kikiwa bado kibichi.

Tatu ni lile la njia panda. Waliomaliza shimo la tisa wanaelekea la kumi, na wapya wanataka kuanza la kwanza, wote wakiwa mahali pamoja. Kila klabu ina utaratibu wake: baadhi huwapa nafasi waliokwisha kuanza, nyingine hupishana kundi kwa kundi. Uliza ofisini au muulize kedi wako. Magomvi mengi niliyoyashuhudia uwanjani yalianzia hapo.

Wako watu wanaomshauri mgeni acheze mzunguko mmoja tu aende zake; mimi sikubaliani nao. Mzunguko wa pili ndio unaoonyesha umesikia nini katika ule wa kwanza. Unarudi kwenye grini ile ile ukijua ilivyokutendea, na sasa unaulizwa kama utalenga tena mahali pale pale.

Mgeni_wa_Kericho aliandika:

Nawashukuru sana, hasa Mzee Kedi, kwa kunitolea muda. Nimebaki na swali moja. Kazi yangu huniachia nafasi alasiri tu, saa tisa na kuendelea. Je, inafaa kuanza wakati huo na kujaribu mizunguko yote miwili?

Nyasi_za_Juu alijibu:

Kwa siku za kazi, cheza mmoja, uandikishe alama zako kama Mwamuzi alivyoeleza, na uhifadhi mizunguko miwili kwa asubuhi ya Jumamosi. Sababu si giza peke yake. Maeneo ya Kericho na Nandi yanajulikana kwa mvua ya mawe na ngurumo za alasiri, na juu ya kilima wewe na fimbo zako za chuma ndio mnaoonekana zaidi. Kanuni ya 5.7 inamruhusu mchezaji kusimamisha mchezo mwenyewe akiamini kwa sababu za msingi kwamba kuna hatari ya radi, hata kama kamati haijapiga king'ora. Weka alama mpira ulipo, uinue, urudi klabuni moja kwa moja bila kujikinga chini ya mti. Kwa sababu hiyo, ukifika saa tisa ukaona wingu limesimama upande wa magharibi, anza na mazoezi ya kusukuma kwenye grini iliyo karibu na jengo, kisha usubiri kidogo uone linaelekea wapi.